Mkono wa mnara wa tangi la lita 5,000: kulihesabu jaribio kabla ya kulifanya

Shajara hii inafuata kipande kimoja cha chuma: mkono unaochomelewa kwenye nguzo ili ubebe boriti za mnara wa tangi la maji. Karakana iko Kariobangi Light Industries, Nairobi, na minara inakwenda kwenye ploti za kupangisha Eastlands, ambako mgao wa maji umefanya tangi la juu kuwa kitu cha lazima. Naiandika hatua kwa hatua ili fundi au mhandisi mwingine aweze kuichukua na kuweka tarakimu zake mwenyewe.

14 Januari 2025. Mzigo

Oda ni minara minane, kila mmoja una mikono minne, jumla mikono 32. Tangi likijaa lina tani tano za maji. Ukigawa kwa nne ni kilo 1,250 kwa kila mkono, kisha kuna uzito wa tangi na fremu, na jambo ambalo michoro haionyeshi: mnara haukai sawa kabisa, kwa hiyo kona moja hubeba zaidi ya nyingine. Tumeweka kilo 1,500 kuwa mzigo wa kawaida wa mkono, ukiyumba kwa asilimia 10 juu au chini.

Mzigo wa maji una uzuri wake: tangi likijaa, maji humwagika. Hakuna mpangaji anayeweza kuongeza tani ya sita. Hofu yetu yote basi iko upande wa chuma.

Hesabu ya karatasi inasema mkono utavunjika kwenye kilo 2,250, yaani mara 1.5 ya mzigo. Hiyo 1.5 ni ile ile inayotumika kwenye miundo ya ndege tangu zamani, na watu wengi huiandika kwenye mchoro wakafunga daftari.

20 Januari. Makadirio ya kwanza: 9 kati ya 1,000

Kuna mambo mawili yanayotufanya tusijue mkono utavunjika wapi, na nimeyatenganisha kwa sababu hayatibiwi kwa dawa moja.

La kwanza ni tofauti za kawaida kati ya mkono na mkono. Weldi hii imeshika vizuri, ile ina kishimo, chuma cha leo si cha jana. Nimeipa asilimia 8. Hata ukijaribu mikono mingapi, tofauti hii haiondoki, maana ni sehemu ya kazi yenyewe.

La pili ni kutojua kwetu. Fomula ya karatasi inaweza kuwa imepotoka kwa mikono yote 32 kwa pamoja, kwa mfano ikiwa tumedhani nguvu inapita mahali ambapo haipiti. Nimeipa nafasi ya asilimia 20 chini hadi asilimia 20 juu, kila thamani ikiwa na uzito sawa. Hii jaribio linaweza kuipunguza.

Kama fomula ni sahihi kabisa, nafasi ya mkono kushindwa ni takriban 7 kati ya 10,000. Kama fomula imetudanganya kwa asilimia 20 upande mbaya, inapanda hadi 7 hivi kati ya 100. Wastani wa hali zote, nikichanganya nzuri na mbaya, ni karibu 9 kati ya 1,000. Karibu uzito wote wa wastani huo unatoka kwenye pembe ile mbaya, ambako fomula imezidisha nguvu ya mkono.

Tahadhari kwa atakayenakili: usichukue tarakimu ya mkono mmoja ukaizidisha kwa 32 ukadhani umepata hatari ya oda nzima. Kosa la fomula ni la mikono yote kwa wakati mmoja. Likiwapo, halitachagua mkono mmoja likaacha mingine.

27 Januari. Jaribio laingia ndani ya hesabu

Hiki ndicho kiini cha shajara.

Tarakimu ya 9 kati ya 1,000 inadhani kwamba tutachora, tutatengeneza, na kusimamisha minara bila kuangalia nyuma. Lakini hatufanyi hivyo. Tumekwisha kupanga kuvunja mikono mitatu kabla ya kutengeneza mingine, na ikionekana dhaifu tutaisanifu upya. Mpango huo unabadilisha hatari ya minara itakayosimama, kwa hiyo lazima uonekane kwenye tarakimu sasa hivi, wakati bado tunaamua unene wa chuma na bajeti. Kundi la Raphael Haftka katika Chuo Kikuu cha Florida lililishughulikia swali hili hili kwa mfano wa kinga ya joto ya vyombo vya angani. Huko jaribio moja ni mali nyingi. Kwetu ni vipande vya chuma, lakini hoja haibadiliki.

Hesabu hiyo nimeiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, ni programu fupi tu. Inachagua kosa la fomula bila mpangilio ndani ya ile asilimia 20. Kisha inaigiza jaribio: wastani wa mikono mitatu, pamoja na kosa la mizani, kwa jumla nimeviwekea asilimia 5. Kisha inafuata sharti: wastani wa jaribio ukigawanywa kwa kilo 2,250 ukatoka chini ya 0.95, mkono unaongezewa nguvu mpaka urudi kwenye 1.5 kulingana na kilichopimwa. Ukitoka 0.95 au zaidi, unaachwa ulivyo. Mwisho inahesabu nafasi ya kushindwa kwa mkono uliobaki. Rudia mara nyingi, chukua wastani.

Jibu: takriban 9 kati ya 10,000. Jaribio ambalo bado halijafanyika limeshusha hatari karibu mara kumi.

Mpaka wenyewe, yaani ile 0.95, nimeuchezea, kwani hapo ndipo pesa na usalama vinavutana. Ukiuweka 0.90, utasanifu upya mara 25 hivi kati ya 100, lakini hatari inabaki karibu 18 kati ya 10,000. Ukiuweka 1.00, hatari inashuka hadi 7 hivi, ila nafasi ya kurudi mezani ni nusu kwa nusu. Kwenye 0.95 ni 9, na nafasi ya kusanifu upya ni kama 37 kati ya 100. Kutoka 0.95 kwenda 1.00 unalipa usumbufu mwingi kwa faida ndogo. Tumebaki na 0.95.

Njia ya pili ya kufikia 9 kati ya 10,000 ni kuacha jaribio na kuongeza nguvu ya mkono tangu mwanzo. Programu inasema 1.5 ingepanda hadi karibu 1.68, yaani asilimia 12 zaidi. Kwa bei zetu hiyo ni kama KSh 350 kwa mkono, KSh 11,200 kwa oda nzima. Kwenye karatasi ni bei rahisi kuliko jaribio. Nimeiacha tarakimu hii hapa ili tuirudie.

3 Februari. Sharti laandikwa

Mwenye ploti ya kwanza alipita karakanani. Alikuwa na hoja: wapangaji wanabeba mitungi ya maji kutoka kibandani, na mafundi wengine husimamisha mnara kwa wikendi moja. "Kijana, hiyo hesabu yako imeshasema ni salama. Basi weka tu."

Nilimjibu kwa heshima lakini bila kuzunguka. Mzee, hesabu imesema ni salama *pamoja na jaribio*. Ukiliondoa jaribio, tarakimu inarudi kuwa ile ya kwanza, mara kumi mbaya zaidi. Huwezi kula faida ya jaribio kisha ukalifuta.

Hapa naona ndipo njia hii inapoweza kuleta madhara mikononi mwa mtu mwenye haraka. Tarakimu nzuri inapatikana mapema, mradi unapata kibali, pesa zinabana, jaribio linaahirishwa, na tarakimu inabaki kwenye faili kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo sababu tumeandika mambo matatu na kuyasaini pande zote: mpaka ni 0.95 na hautasogezwa matokeo yakishaonekana. Pesa za kusanifu upya zimetengwa sasa, si zitatafutwa. Na hakuna mkono wa kazi utakaochomelewa kabla ya mitatu kuvunjwa. Mzee alisoma, akauliza pesa zisipotumika zinakwenda wapi. Zinarudi kwake. Akasaini.

10 Februari. Fremu ya kujaribia

Kipande cha nguzo kimefungwa kichwa chini, ili mkono uvutwe kwenda juu na mnyororo. Mnyororo umeshikwa na mizani ya kidijitali ya kuning'inia ya tani tano, na mizani inaning'inia kwenye boriti inayoinuliwa na jeki ya tani kumi. Rahisi kuelezea, lakini ilisumbua.

Shida ya kwanza: jeki moja chini ya boriti ndefu huiinamisha. Boriti ikiinama, mnyororo unavuta kwa mshazari, mkono unasokotwa badala ya kubebeshwa, na unavunjika mapema kwa sababu isiyohusiana na tangi. Tumechomelea miongozo miwili ya chuma cha pembe pande zote za boriti na kuipaka grisi. Ukining'iniza timazi kando ya mnyororo, uzi wake na mnyororo vinapaswa kwenda pamoja mpaka mwisho.

Shida ya pili: mizani haishiki tarakimu ya juu. Chuma kikiachia, kioo kinarudi sifuri kabla hujasoma. Simu imewekwa kwenye stendi inarekodi video ya kioo, kisha tunasogeza picha polepole.

Shida ya tatu ndiyo iliyokula muda. Mizani ya kukodi inakuja na karatasi ya usahihi, lakini karatasi haijui imeangushwa mara ngapi. Tulijaza madramu kwa maji, tukayapima moja moja kwenye mizani ya magunia ya muuza nafaka jirani, tukayaning'iniza pamoja yakiwa kilo 1,000. Mizani ya kidijitali ikasoma 1,030. Tukapunguza hadi nusu: ikasoma 515. Imezidisha kwa asilimia 3, na inazidisha sawasawa, kwa hiyo kila tarakimu tunaigawa kwa 1.03. Usiitegemee lita kama kilo kwa mitungi ya lita 20. Mingi inabeba zaidi ya ilivyoandikwa. Pima.

Kwa usalama: mnyororo wa akiba uliolegea kando ya ule unaovuta, ubao mzito mbele ya anayepampu jeki, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa mnyororo.

18 Februari. Mikono mitatu

Baada ya kusahihisha mizani: kilo 1,980, kilo 2,040, kilo 1,890. Wastani ni 1,970. Ukigawa kwa 2,250 unapata 0.876.

Iko chini ya mpaka, hakuna mjadala. Nikiweka matokeo haya kwenye programu, mikono kama hii ikiachwa ilivyo ina nafasi ya kushindwa ya karibu 2 kati ya 100. Minara minane juu ya vichwa vya watu kwa tarakimu hiyo haiwezekani. Angalia pia kazi ya yale madramu: bila kusahihisha mizani tungepata 0.90 na ushee, na mtu aliyechagua mpaka wa 0.90 angeuacha mkono upite.

Lakini namna ulivyovunjika ndiyo habari kubwa. Hesabu yetu ilisema weldi ndiyo itakayoachia. Weldi haikuachia hata moja. Fundi aliinama na tochi akaniita: uso wa nguzo, pale juu mkono unapovuta, ulikuwa umetoka nje kama shavu lililojaa, na chini umebonyea ndani. Ufa ulikuwa kwenye ukuta wa nguzo, milimita chache kando ya weldi, ukifuata ukingo wake. Weldi yenyewe nzima, inang'aa.

Tuliukata ukuta na kuupima kwa kalipa. Nguzo ni skwea tyubu, yaani bomba la mraba, ya milimita 100 kwa 100. Ukuta wake uliouzwa kama wa milimita 3 ulikuwa 2.7. Upungufu huo una sehemu yake, lakini hauelezi yote. Fomula ilikuwa imeuchukulia uso wa nguzo kuwa mgumu kama ukuta wa mawe, ilhali ni bamba jembamba linalopinda katikati, mbali na kuta za pembeni zinazoweza kubeba kweli.

Sasa irudie ile KSh 350. Tungeongeza asilimia 12 ya nguvu mahali ambapo hesabu ilituelekeza: bamba nene zaidi la mkono, weldi ndefu kidogo. Uso wa nguzo ungebaki ule ule, na mkono ungevunjika karibu na kilo zile zile. Programu ilisema njia mbili zinalingana kwa sababu ilidhani chuma kinachoongezwa kinaingia mahali panapovunjika. Jaribio linaona mahali. Unene wa ziada hauoni. Faida hiyo haimo kwenye tarakimu zangu, na nadhani kwenye kazi nyingi za karakana ndiyo kubwa kuliko zote.

Viwanda vikubwa vinalijua hili. Februari 2006 bawa la Airbus A380 lilivunjwa kwa makusudi kwenye jaribio, likaachia kati ya mara 1.45 na 1.5 ya mzigo mkubwa wa kazi. Lilikosa kidogo tu. Waliimarisha pale palipoonekana, na ndege ikapata cheti Desemba mwaka huo huo. La Boeing 777, Januari 1995, lilifika 1.54. Jaribio moja kila upande, na maamuzi yote yameegemea mahali bawa lilipoachia na kwa mzigo gani.

24 Februari. Kusanifu upya, na sharti la nne

Suluhisho ni bamba la milimita 5 juu ya uso wa nguzo, upana karibu sawa na nguzo yenyewe, ili mvuto ufike kwenye kuta za pembeni badala ya kubaki katikati. Mkono unachomelewa juu ya bamba hilo.

Bamba la kwanza lilipinda nguzo. Chuma cha milimita 5 juu ya ukuta wa 2.7, ukichomelea mstari mzima kwa mkupuo mmoja, joto linavuta nguzo kama upinde. Fundi alibadilisha mwendo: vipande vifupi, ukimaliza kushoto nenda kulia, ukimaliza juu nenda chini, na acha kipoe. Elektrodi za milimita 2.5, moto mdogo. Nguzo ilibaki wima. Bamba lifungwe pande zote nne bila kuacha mwanya. Mvua ikiingia nyuma yake, kutu italila kutoka ndani na hakuna atakayeiona.

Programu yangu ilikuwa na dhana moja isiyofaa tena. Ilichukulia kwamba ukisanifu upya unakuza mkono ule ule, na kwamba ulichojifunza kwenye jaribio kinahamia moja kwa moja kwenye muundo mpya. Hapa mkono mpya unabeba kwa njia nyingine. Kutojua kwetu kumerudi, kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo tumeongeza sharti la nne: jaribio likionyesha kuvunjika mahali ambapo hesabu haikutaja, muundo mpya lazima nao ujaribiwe. Kwenye programu nimeongeza tawi hilo, pamoja na gharama yake.

5 Machi. Jaribio la pili

Mikono miwili yenye bamba: kilo 2,410 na kilo 2,350. Wastani 2,380, uwiano chini kidogo ya 1.06. Safari hii weldi ya mkono ndiyo iliyoachia, kwenye ncha ya juu, kama hesabu ilivyosema. Uso wa nguzo ulibaki bapa. Tuliweka rula juu yake na mwanga haukupita.

Kwa matokeo haya, na nikikubali kwamba mikono miwili inaacha shaka zaidi kuliko mitatu, makadirio ni takriban 5 kati ya 10,000 kwa mkono. Ni bora kuliko ile 9 tuliyoahidi.

Mhandisi kijana anayejifunza hapa aliuliza kwa nini tusijaribu tu mikono mingi tuthibitishe moja kwa moja. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau asilimia 95 ya vipande vinapita, unahitaji vipande 59 vipite bila hata kimoja kushindwa. Hiyo ni zaidi ya oda nzima, na asilimia 95 bado iko mbali na tunachotaka. Mikono michache inafaa kwa sababu tunaivunja kabisa na kusoma ilivunjika kwa kilo ngapi, kisha tunaiunganisha na hesabu. Jibu la "imepita" peke yake hubeba habari kidogo sana.

21 Machi. Gharama na hali ya sasa

Fremu ya kujaribia KSh 9,600, na inabaki karakanani. Mikono mitano ya kuvunjwa pamoja na vipande vya nguzo KSh 7,400. Kukodi mizani na jeki KSh 3,000. Elektrodi na umeme KSh 2,300. Vibarua KSh 6,000. Jumla ya kujaribu KSh 28,300. Mabamba ya mikono 32, kwa KSh 280 kila moja, KSh 8,960. Yote pamoja KSh 37,260, ndani ya kiasi kilichotengwa. Kilichobaki kimerudishwa kwa wenye ploti, kwa M-Pesa, na risiti ziko kwenye faili.

Mnara wa kwanza umesimama na tangi limejazwa hadi kumwagika kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kupita chini yake. Kila skwea tyubu inayoingia sasa inapimwa kwa kalipa kwenye ncha zote mbili. Iliyo chini ya 2.7 inarudishwa dukani, kwa sababu 2.7 ndiyo tuliyoijaribu.

Kuna anayeuliza mnara wa lita 10,000. Tarakimu za shajara hii hazihamii huko kwa kuzidisha mbili: nguzo itakuwa nyingine, na uso wake utapinda kwa namna yake. Makadirio yake yameshaandikwa pamoja na jaribio la mikono mitatu na mpaka wa 0.95, na malipo ya awali yanajumuisha pesa za kusanifu upya mara moja na kujaribu tena. Chuma kinanunuliwa baada ya Pasaka.